Pancha ya pikipiki: uzibe, ubadili tyubu au ununue tairi?

Ukifika kijiweni kwa fundi pancha ukauliza "Fundi, hii itazibika?", utajibiwa itazibika. Hajakudanganya. Karibu kila tundu linazibika, na yeye anakula kwa kuziba. Swali ambalo hana sababu ya kukuuliza ni kama kinacholizunguka tundu hilo bado kinafaa kubeba watu wawili na gunia la mkaa kwenye lami yenye malori. Swali hilo ni la kwako wewe dereva, au la bosi mwenye pikipiki.

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda, iwe Boxer, TVS, Honda au SanLG, zina rimu za spoki na tairi la tyubu. Hapo msumari mmoja unatoboa vitu viwili: tairi la nje na tyubu ya ndani. Fundi anaziba tyubu. Tairi linarudishwa na tundu lake vilevile. Kwa hiyo kuna hukumu mbili za kutoa, moja ya tyubu na moja ya tairi, na mara nyingi hazifanani. Unaweza kutupa tyubu na kubaki na tairi zima. Unaweza pia kuwa na tyubu inayohitaji kiraka kimoja tu, lakini imekaa ndani ya tairi ambalo halikupaswa kurudi barabarani. Hii ya pili ndiyo inayoumiza watu, kwa sababu dereva akishaona upepo umejaa anaamini kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Simama, usiendeshe

Pancha ya nyuma inajulikana kwa mkia kuyumba. Ya mbele inaufanya usukani uwe mzito na kuvuta upande mmoja. Rudisha mafuta taratibu. Usibane breki ya gurudumu lililoishiwa upepo; kama la nyuma limelala, tumia ya mbele kwa upole, na kama la mbele limelala tumia ya nyuma pamoja na gia. Toka pembeni kabisa, mshushe abiria.

Kisha usipande tena, hata kama kijiwe cha fundi unakiona kwa macho. Tairi lisilo na upepo linakunjwa kati ya rimu na barabara kila gurudumu linapozunguka: nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira wa ubavuni zinakatika, tyubu inasagika, valvu inang'oka. Pancha ya kiraka kimoja inageuka kuwa ya tyubu mpya, na pengine ya tairi. Ikibidi kusogea na pikipiki ni nzito, washa, tia gia ya kwanza, tembea kando yake huku ukiachia klachi kidogo kidogo.

Kabla hujaanza kutafuta msumari, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, huenda huna pancha kabisa. Ni kile kisindano cha ndani ya valvu kimelegea au kimekufa. Kukikaza ni kazi ya sekunde, na kukibadili ni bei ndogo kuliko kiraka.

Msumari ukionekana kwenye tairi la tyubu, weka alama ya chaki ubavuni mkabala nao, kisha uutoe kabla ya kusukuma pikipiki, la sivyo utaendelea kutoboa tyubu njia nzima. Kwenye tairi la tyublesi, lile lisilotumia tyubu, fanya kinyume: uache palepale. Huo msumari ndio uliouzuia upepo, na mara nyingi utakufikisha kwa fundi.

Hatua ya 2: Lisome tairi kabla halijatolewa

Fanya hivi wakati pikipiki bado iko kwenye dabo stendi na gurudumu linazunguka kwa mkono. Likishawekwa chini, likakanyagwa na kupakwa maji ya sabuni, hutaona kitu.

Anza na meno. Ubavuni mwa tairi karibu na meno tafuta herufi TWI, yaani alama ya kuisha kwa meno, au kijipembetatu. Ukifuata usawa wake hadi ndani ya mfereji utaona kinundu kidogo cha mpira. Kwa matairi mengi ya pikipiki kinundu hicho kina urefu wa karibu milimita 0.8. Meno yakifika usawa wake, tairi limekwisha, hata kama pembeni bado linapendeza. Angalia katikati. Tairi la nyuma la bodaboda linaliwa katikati likawa bapa huku kingo zikibaki na meno mazuri, na kingo hizo ndizo mtu anazomwonyesha trafiki.

Hapa pana jambo ambalo madereva wengi hulichukulia kama mkosi. Tairi linalokaribia kuwa kipara linapata pancha nyingi zaidi kwa sababu mpira uliobaki kati ya barabara na tyubu ni mwembamba. Mwiba wa mgunga ambao ungekatikia ndani ya meno mapya sasa unafika ndani bila shida. Ukianza kupata pancha za mfululizo kwenye gurudumu moja, na sababu ni tofauti tofauti, leo msumari, juzi waya, wiki iliyopita kipande cha chupa, hakuna aliyekuroga. Tairi limeisha.

Kisha zungusha uangalie mbavu zote mbili. Uvimbe wowote ubavuni, hata mdogo kama punje ya hindi, maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kinachozuia upepo ni mpira mtupu. Hilo halina mjadala wala "nimalizie wiki hii". Nyuzi zikionekana kwa nje, vivyo hivyo. Mipasuko midogo ya juu juu inayotokana na jua si sababu ya kutupa, lakini ukiikunja kwa kidole gumba na mpasuko ukafunguka hadi ukaona rangi ya nyuzi, tairi limekauka.

Umri unausoma kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, mara nyingi ndani ya kiduara cha yai. 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Kampuni ya matairi ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya kutumika, na libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima. Tairi la bodaboda litaisha kwa kuliwa mapema kuliko hapo, kwa hiyo jambo hili linawahusu zaidi wenye pikipiki za kwenda shamba mara moja moja, na wanunuzi wa matairi yaliyokaa dukani.

Hadi hapa kama tairi limeshashindwa, usimlipe fundi kuziba. Nunua tairi, na pancha hii iwe ndiyo siku ya kulibadili. Gharama ya kulitoa na kulirudisha unailipa mara moja badala ya mara mbili.

Hatua ya 3: Itoe tyubu, uisome

Mwambie fundi asiitupe tyubu karaini kwanza. Weka alama kuonyesha upande upi ulikuwa wa mnyororo, kisha laza tyubu juu ya tairi, valvu mahali ilipokuwa. Hivyo tundu la tyubu litakuelekeza moja kwa moja kwenye tundu la tairi, na kama hakuna tundu la tairi mahali hapo, umejua kwamba mkosaji yuko kwingine. Baada ya hapo ndipo ijazwe upepo kidogo na kuzamishwa majini, ikizungushwa kipande kwa kipande pamoja na valvu.

Tundu lenyewe linasema mengi. Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu, ule unaogusa meno, ni msumari, mwiba au waya. Hiyo ndiyo pancha ya kawaida.

Mipasuko miwili midogo inayolingana, ikitazamana, ni alama ya kubanwa. Umeingia shimoni au umepanda tuta kwa kasi na upepo ulikuwa mdogo, rimu ikaibana tyubu dhidi ya barabara. Hapa hakuna msumari wa kutafuta. Tafuta rimu iliyopinda na geji ya upepo. Angalia pia tairi kwa ndani mahali hapohapo, kwa sababu kibano kile kile kinaweza kukata nyuzi za ubavuni bila kuonyesha chochote nje.

Tundu upande wa ndani wa tyubu, ule unaolalia rimu, linatokana na spoki. Aidha kichwa cha spoki kimechomoza, au ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki umechanika au umesogea. Ukiziba tyubu bila kushughulikia hilo, utarudi kesho. Pitisha kidole kwenye rimu, spoki ndefu ipigwe tupa, mkanda uwekwe mpya. Watu hukata vipande vya tyubu kuukuu wakafunga badala ya mkanda, na vinafanya kazi vizuri kama vimelala bila mikunjo.

Kuchanika kwenye mzizi wa valvu ni habari nyingine kabisa. Tairi lenye upepo mdogo huteleza kidogo kidogo kwenye rimu kila unapofunga breki au kuvuta mafuta, na linaivuta tyubu pamoja nalo hadi valvu inakaa upande, mwishowe inang'oka. Ndiyo maana ile nati ya valvu haifai kukazwa hadi kwenye rimu. Irudishe juu ikutane na kifuniko. Hapo valvu ikianza kuegemea utaiona siku kadhaa kabla haijachanika, ukajaza upepo na kuilegeza tyubu. Ukiikaza chini unaficha dalili na unaharakisha kuchanika.

Mwisho, vitundu viwili vitatu vilivyotawanyika karibu na ukingo wa rimu, kwenye tyubu iliyotoka kuzibwa juzi, ni kazi ya bisibisi. Fundi alirudishia tairi kwa bisibisi badala ya vyuma vyenye ncha butu, akaichoma tyubu. Hilo linazungumzika kwa heshima, ila lizungumzwe.

Hatua ya 4: Hukumu ya tyubu

Kuziba kunafaa kama tundu ni dogo, liko mbali na valvu, na mpira unaolizunguka bado una nguvu ya kuvutika. Tupa kama kuna hata moja kati ya haya: mpasuko mrefu kuliko upana wa ukucha wa kidole kidogo, kuchanika kwenye mzizi wa valvu, tundu linaloangukia juu ya kiraka cha zamani au ukingoni mwake, au mpira uliolegea na kutanuka hadi tyubu inakunjamana ukiirudisha ndani ya tairi. Mkunjo ndani ya tairi unasuguana wenyewe kwa wenyewe na kujitoboa.

Kuhusu idadi ya viraka, kila kijiwe kina sheria yake. Mimi naishia vitatu kwa gurudumu la nyuma na kimoja kwa la mbele. Tyubu mpya ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii, na kuibania ni kubana pasipobanika.

Kiraka cha baridi kinashika kikifanywa kwa subira. Tyubu isuguliwe kwa msasa hadi mng'ao wake upotee, vumbi lifutwe, solusheni (gundi ya kiraka) ipakwe kwa wembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, kisha iachwe hadi ikauke na kunata kwa kidole. Hapo ndipo penye tatizo: abiria anasubiri, fundi anabandika solusheni ikiwa mbichi, na kiraka kinainuka siku ya joto. Kiraka cha moto, kile kinachobanwa kwenye kipande cha chuma na kuchomwa, kinaupika mpira mbichi ukaungana na tyubu. Ni kanuni ile ile aliyoigundua Charles Goodyear mwaka 1839, kwamba mpira uliochanganywa na salfa ukipata joto unaiva na hauwi tena wa kunata. Kikifanywa vizuri kinapita cha baridi. Kikizidishwa moto, tyubu pembeni mwa kiraka inakuwa ngumu na kupasuka hapohapo ukingoni. Ikunje kabla hujalipa. Ukiona vijipasuko kuzunguka kiraka, imeungua.

Hatua ya 5: Hukumu ya tairi kwa ndani

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Wakati tyubu iko majini, chukua kitambaa ukipitishe ndani ya tairi lote mzunguko mzima. Kitambaa, si kidole. Kitanasa kwenye ncha ya msumari uliokatika, mwiba, au vile vijiwaya vyembamba vinavyobaki barabarani baada ya matairi ya magari kuchomwa moto. Kijiwaya kimoja kikibaki ndani kinakula tyubu mpya kabla ya jioni, na utamlaumu aliyekuuzia tyubu.

Sasa tazama tundu kwa ndani. Msumari wa kawaida katikati ya meno, tundu lisilozidi milimita 6, nyuzi zinazolizunguka zimesukumwa pembeni lakini hazijakatika: tairi linafaa. Milimita 6 ndicho kipimo ambacho watengenezaji kadhaa wa matairi ya pikipiki hukitumia kama mpaka wa tundu linaloruhusiwa kuzibwa, na wanakubali eneo la meno tu. Dunlop huongeza kwamba tairi lenye meno chini ya milimita 0.8 lisizibwe kabisa.

Mpasuko ni tofauti na tundu. Kipande cha bati au chupa kinakata nyuzi, na nyuzi ndizo zinazobeba uzito. Mpira unazilinda tu. Fungua mpasuko kwa vidole viwili. Ukiona nyuzi nzima chini yake, endelea kulitumia tairi huku ukiuangalia mpasuko. Ukiona zimekatika, tairi limekwisha, hata kama lina wiki mbili. Inauma, najua.

Tundu la begani, pale meno yanapokutana na ubavu, mafundi wengi wanalichukulia kama la katikati. Silikubali. Bega linajikunja kila mzunguko, na tundu hapo linatanuka. Ubavuni ndiyo kabisa, hata liwe dogo kiasi gani.

Na sasa kuhusu kushona. Kuna mafundi wenye mikono mizuri sana ya kushona tairi kwa uzi wa nailoni, na wengine wanaoweka ndani kipande cha tairi kuukuu ili tyubu isichungulie kwenye mpasuko. Ufundi wenyewe ni wa kusifiwa. Lakini uzi wa nailoni unashika mpira tu, haurudishi nyuzi zilizokatika, na kile kipande cha ndani kinasugua tyubu na kuongeza joto. Kama uko porini na kijiji kiko kilomita arobaini, weka kipande, shusha mzigo, nenda polepole hadi ufike. Kubeba mwanafunzi au mama mwenye mtoto kwa tairi lililoshonwa, hapana.

Gurudumu la mbele liwe na sheria kali zaidi. La nyuma likipasuka unayumba, na mara nyingi unaweza kuidhibiti pikipiki. La mbele likipasuka ukiwa kwenye kasi, usukani hauko mikononi mwako tena. Kila nilipoandika "linafaa" hapo juu, kwa gurudumu la mbele jiulize mara ya pili, na ukibaki na shaka, badili.

Kama ni tyublesi

Soma ubavuni: limeandikwa TUBELESS au TUBE TYPE. Rimu ya kumwaga, isiyo na spoki, haitoshi kukuambia, maana nyingi zinafungwa tairi la tyubu.

Kwenye tyublesi tairi lenyewe ndilo linaloshika upepo, kwa hiyo hukumu ni moja. Ule utambi wa mpira unaosukumwa kutoka nje bila kutoa tairi ni wa kukufikisha nyumbani au kwa fundi mwenye vifaa. Kuziba kwa kudumu ni kwa ndani: tairi linatolewa, linakaguliwa, kisha linawekwa kiraka chenye mguu unaojaza tundu huku kichwa chake kikibandikwa ndani. Fundi akichomeka utambi bila kutoa tairi, hajaona kama uliendesha bila upepo ukakata nyuzi za ubavuni, na wewe pia hujaona. Dunlop kwa matairi yaliyozibwa vizuri huagiza usizidi maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, kwa saa 24 za kwanza.

Wengi wakishindwa na tyublesi wanaingiza tyubu. Inafanya kazi, mradi mikia ya utambi ikatwe na kusawazishwa kwa ndani, la sivyo itaitoboa tyubu. Ila ujue kuanzia hapo pancha itatoa upepo wote kwa mara moja, tofauti na zamani ulipokuwa unapata muda wa kutoka pembeni. Na tairi lililokatika nyuzi halitibiki kwa kuwekewa tyubu.

Zile dawa za maji zinazomiminwa kupitia valvu zinasaidia kwa vitundu vidogo vya kwenye meno. Kwenye tyubu hazina uhakika, na zikishaingia, kiraka hakishiki hadi tyubu isafishwe vizuri.

Hatua ya 6: Piga hesabu, na ujue nani analipa

Chukua bei za kijiweni kwako, si za mtu mwingine. Andika bei ya kiraka, bei ya tyubu, bei ya tairi, na fedha unayoingiza kwa saa moja. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Kwa mfano tu, tuseme kiraka ni shilingi 2,000, na pancha inakula saa moja ambayo ungeingiza 4,000. Pancha moja ni 6,000. Tairi lililochoka likikupa pancha moja kila wiki, kwa miezi miwili limekula karibu 50,000, na bado ni lile lile lililochoka. Linganisha na bei ya tairi jipya mtaani kwako ndipo uamue nani anakuibia.

Jambo gumu zaidi ni la mapatano. Dereva anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku, mara nyingi pancha anazilipa mwenyewe na tairi analinunua bosi. Basi bosi haoni pancha, na dereva anaogopa kuomba tairi. Dawa yake ni ushahidi: piga picha ya TWI, piga picha ya mpasuko kwa ndani, andika tarehe za pancha kwenye simu. "Bosi, shikamoo, gurudumu la nyuma limepata pancha hizi kwa mwezi huu, na picha ya tairi ni hii" ni maneno mazito kuliko "bosi, tairi bovu". Aliye kwenye mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, anabeba yote mwenyewe na hana wa kumsubiri.

Hatua ya 7: Ukinunua

Nunua ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki hizi mara nyingi utakutana na 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwa rimu ya 17 au 18. Baada ya ukubwa soma namba ya uzito na herufi ya kasi. 3.00-17 yenye 45P inabeba kilo 165, yenye 50P inabeba kilo 190. Herufi P ni kilomita 150 kwa saa. Matairi mawili yanayofanana kwa macho na kutofautiana kidogo kwa bei yanaweza kutofautiana kilo 25 za uwezo kwenye gurudumu moja. Kwa anayebeba mizigo, hizo kilo ni zake. Kwa anayepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hakuna namba iliyoandikwa ubavuni itakayomtosha.

Soma DOT dukani kabla ya kutoa fedha. Na ukinunua tairi jipya, nunua na tyubu mpya. Tyubu ya zamani imeshatanuka kufuata umbo la tairi lililoliwa. Ndani ya jipya inakunjamana. Mkanda wa spoki nao ubadilishwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kurudisha na kupima

Mshale ulioko ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia ukienda mbele. Tyubu ijazwe upepo kidogo kabla ya kuingizwa ili isibanwe na vyuma, na ipakwe poda ising'ang'anie tairi. Likishafungwa, ijazwe, itolewe yote, ijazwe tena; mikunjo inajinyoosha. Kisha zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ubavuni karibu na rimu. Uwe na umbali sawa pande zote. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa, na litakurusha ukiongeza kasi.

Upepo ujazwe kwa geji. Kubonyeza kwa kidole gumba au kupiga teke kunakuambia tu kwamba kuna upepo. Pikipiki nyingi za kundi hili huelekezwa karibu psi 25 mbele, na nyuma kati ya 28 na 36 kulingana na mzigo. Namba kamili ya yako imo kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha karibu na mnyororo. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, tairi likiwa la baridi.

Hakikisha nati ya ekseli imekazwa, cheni ina ulegevu wake, breki inashika na gurudumu linazunguka huru. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kwa kilomita 100 hivi za kwanza kata kona kwa upole, hasa mvua ikinyesha. Kesho yake asubuhi pima tena. Psi moja au mbili zikipungua, ongeza uende kazini. Zikipungua kumi, gurudumu lirudi kwa fundi kabla hujapakia mtu.